Kuvundika Parachichi Lililochumwa Mapema

Tawi la mparachichi likikatika kwa upepo, au dalali akikuharakisha ukaangua kikapu kizima kabla ya msimu, usikimbilie kutupa wala kuuza. Jua kwanza ulichonacho mkononi. Kuna parachichi bichi na kuna parachichi changa. Bichi lililopevuka litaiva, maana parachichi haliivi mtini: hupevuka likiwa juu, likaiva baada ya kuchumwa. Changa halivundikiki. Litasinyaa, ganda lijae makunyanzi, na nyama iwe kama mpira, haina mafuta wala ladha.

Pima

Pasua moja la ukubwa wa wastani, utazame ngozi inayofunika kokwa. Ikiwa nene, nyeupe na yenye majimaji, tunda ni changa. Ikiwa nyembamba kama karatasi, kavu na ya kahawia, limepevuka. Usitegemee rangi ya ganda pekee: parachichi la aina ya Hass hugeuka jeusi likiiva, lakini la aina ya Fuerte hubaki kijani.

Mwenye mzani mdogo anaweza kupima zaidi. Kwangua gramu 100 za nyama ya tunda, uzikaushe kwa moto mdogo bila kuunguza mpaka uzito usipungue tena. Kwa Hass, zikibaki gramu 23 au zaidi, vundika bila wasiwasi.

Vundika

1. Tenga yaliyopasuka au kuchubuka; hayo huoza na kuambukiza mengine.
2. Futa kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe, na usiking'oe kikonyo, kwani hapo ndipo uozo huanzia.
3. Tandika gazeti kwenye boksi, panga safu moja, kisha weka ndizi mbivu mbili katikati. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoyaamsha maparachichi yaanze kuiva.
4. Funika kwa gunia la katani au khanga kuukuu. Mfuko wa plastiki uliofungwa hukusanya unyevu na kuleta ukungu.
5. Weka kivulini, mbali na jiko na bati. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linafaa. Likizidi 30, matunda huiva vibaya.

Kuanzia siku ya tatu, bonyeza polepole karibu na kikonyo kwa kidole gumba. Likibonyea kidogo, litoe. Yaliyochumwa mapema huchelewa na hayaivi pamoja, kwa hiyo kagua kila siku.

Kabaidi ya kuivishia matunda usiiguse kabisa. Ile ya viwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, na hiyo ni sumu unayomlisha mwanao.

Hifadhi

Friji ni ya mabivu. Humo hukaa siku chache zaidi. Gumu likiwekwa kwenye baridi kali linaweza kuingia weusi ndani na lisiive sawasawa. Yakikuzidi, yaponde na maji ya ndimu, uyagandishe.

Yaliyo machanga yafukie kwenye mboji. Usiwape mbuzi, sungura wala kuku, kwani parachichi huwadhuru.

Na yale yaliyobaki juu, yaache. Parachichi lililopevuka huweza kuning'inia wiki kadhaa bila kuiva, huku likizidi kuongeza mafuta. Hakuna boksi wala friji inayoweza kufanya hivyo. Ghala bora la parachichi ni mti wake.