Kipande cha mrija moyoni: lazima kifua kifunguliwe?

*Daktari, mama yangu aliwekewa mrija kifuani wa kupitishia dawa za saratani. Juzi dawa iligoma kuingia. Eksirei ikaonyesha mrija umekatika na kipande kimeteleza hadi moyoni. Lazima apasuliwe? Hasikii maumivu yoyote.*
*Binti, Morogoro*

Pole, binti yangu. Mara nyingi hapasuliwi. Mrija ukipita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, mifupa hiyo huweza kuubana kila mkono unapoinuliwa, hadi ukakatika. Damu hukisukuma kipande upande wa kulia wa moyo, pengine hadi mshipa wa mapafu.

Kipande hufuatwa huko huko kwa njia ya mshipa. Mgonjwa hupigwa ganzi kinenani, hutobolewa tundu dogo, na daktari, akitazama eksirei kwenye skrini, hupitisha waya wenye kitanzi. Kikinasa ncha ya kipande hukazwa, kama mtego wa ndege, kisha vyote huvutwa nje. Ugumu ni kuipata hiyo ncha. Ikiwa imeng'ang'ania ukuta wa moyo, kazi huwa ndefu, na mara chache upasuaji huhitajika.

Kutosikia maumivu kusiwacheleweshe: kipande huweza kugandisha damu, kuvuruga mapigo au kuleta maambukizi. Mrija uliobaki usitumike tena. Ombeni rufaa ya haraka; Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ina maabara ya kazi hizi. Tajeni dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na tatizo la figo kama lipo. Akikosa pumzi, akizimia, moyo ukienda mbio au akipata homa ya kutetemeka, nendeni hospitali papo hapo, hata usiku.