Dondoo muhimu: Kabla mvua haijashika Mpanda

Mpanda, dalili za mvua huja Oktoba: joto kali, vumbi, na miyombo inayotoa majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Jiandae hivi:

• Safisha mifereji ya bati. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya karibu lita 400, yaani mapipa mawili. Acha maji ya kwanza yaoshe vumbi kabla ya kukinga.

• Tumia samadi iliyooza. Ishike mkononi: ikiwa bado ina joto na harufu kali, iache. Itaunguza miche.

• Changanya mbegu za mchicha na mchanga mkavu. Ni ndogo mno. Bila mchanga zitarundikana. Utaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne.

• Panda matembele kwa vipande vya shina vya urefu wa sentimita 30, ardhi ikishalowa. Fukia vifundo viwili au vitatu. Mizizi hutokea hapo.

• Kumbikumbi wakitoka jioni, zima taa za ndani, acha moja nje juu ya beseni la maji. Asubuhi una kitoweo.

• Mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, na funika mapipa. Mbu hawahitaji bwawa.