Robota kubwa kwa mfugaji mdogo: hesabu kabla ya kupakia

Mvua za vuli zimekatika. Kuanzia sasa hadi masika, wafugaji wenye ng'ombe mmoja au wawili huko Kiambu na Murang'a watazitafuta nyasi kavu kwa udi na uvumba. Wewe uliyevuna boma Rhodes kule Nakuru, Laikipia au Narok na kuzifunga kwa mashine ya marobota ya duara, mali unayo. Lakini robota lenye upana wa mita 1.2 na urefu uo huo lina uzito wa kilo 200 hadi 250, na mnunuzi wako hana trekta. Ana toroli, na kijia kinachotosha toroli tu. Ushauri wangu msimu huu ni mmoja: peleka nyasi katika kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukipokea, na gharama ya kukiandaa iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Anza na gari. Chukua kanta yenye kitanda cha mita 4 kwa 2. Marobota ya duara yatakaa matatu chini na matatu juu, yaani kilo 1,400 hivi, huku nafasi kubwa ikibaki tupu pembeni. Marobota madogo ya kilo 15, yenye sentimita 80 kwa 46 kwa 36, yataingia 120 kwa kimo kile kile. Hizo ni kilo 1,800. Dizeli ni ile ile na dereva ni yule yule, lakini umeuza kilo 400 zaidi.

Kama tayari umefunga makubwa, usikate tamaa. Yafungue shambani na uyafunge upya kwa sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Tandika kamba mbili, jaza nyasi, kanyaga vizuri, kaza na ufunge. Utapata robota la kilo 20 hivi, ambalo mtu mmoja analibeba. Kibarua cha kazi hiyo kigawe kwa kila kilo ili ujue bei yako halisi.

Wapo wanunuzi watakaotaka robota zima. Wakubalie iwapo tu gari linafika hadi bandani na kuna namna salama ya kulishusha. Lisivingirishwe kamwe kutoka kitandani kwa mikono, hasa kwenye miteremko yetu ya Kiambu na Nyandarua. Septemba 2010, huko Devon, Uingereza, Mike Edwards, aliyewahi kuwa mpiga chelo wa bendi ya Electric Light Orchestra, alifariki baada ya robota la duara kuporomoka kilimani na kuligonga gari lake. Weka kingo imara chini ya kila robota, kaza kamba, na mtu yeyote asisimame upande wa mteremko.

Kabla ya kupakia, pima unyevu. Kata nyasi vipande vifupi, tia kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi, funika na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikishikana, unyevu umezidi asilimia 15; ziache nyasi zikauke. Ingiza pia fimbo ya chuma katikati ya robota. Ikitoka na joto kali, usilipakie wala usiliweke ghalani, maana nyasi zilizofungwa mbichi huweza kujiwasha moto zenyewe. Njiani zifunike kwa turubai, na mtu asivute sigara karibu nazo.

Mfundishe mnunuzi kuhifadhi. Nyasi zikae juu ya mbao au mawe, chini ya paa. Robota la mita 1.2 likioza sentimita 15 tu za nje kuzunguka pande zote, zaidi ya asilimia 40 ya nyasi zimepotea. Zilizoota ukungu asizilishe, kwa kuwa sumu ya ukungu huweza kuingia kwenye maziwa.

Mwisho, uza kwa kilo. Pima kwa mizani mbele ya mnunuzi na uandike uzito kwenye risiti, kwa sababu neno "robota" peke yake huleta ugomvi. Mweleze pia muda zitakaomtosha: ng'ombe anayepewa kilo 8 kwa siku, pamoja na lishe nyingine, atamaliza kilo 240 kwa mwezi.

Wiki hii, zungumza na viongozi wa chama cha ushirika cha maziwa cha eneo unalouzia. Waombe wakusanye oda, uzishushe zote kwenye kituo cha maziwa kwa safari moja, na kama chama kinakubali, malipo yakatwe kwenye maziwa. Kanta itarudi tupu, na kila mfugaji atapeleka nyumbani mzigo anaoumudu.