Kachumbari ya Tungule: Mafunzo Niliyopata Jikoni Lamu

Mara ya kwanza kukabidhiwa kachumbari nyumbani kwetu Lamu ilikuwa mwezi wa Mfungo Sita, wageni wa Maulidi ya Riyadha wameujaza mji. Nikaanza saa tatu asubuhi. Nilikata tungule (bara huziita nyanya) na vitunguu, nikatia chumvi na ndimu, nikafunika kwa kawa. Pilau ilipopakuliwa baada ya adhuhuri, bakuli lilikuwa limejaa maji mekundu na vipande vimelegea. Mama mkubwa alionja, akanivuta kando. "Mwanangu, chumvi umeitia mapema." Hakunikaripia. Lakini ile kauli ndiyo iliyonifunza kupika kuliko nyingine yoyote.

1. Chumvi huvuta maji.

Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za tungule ni maji. Chumvi ikigusa kipande kilichokatwa, maji hutoka ndani na kufuata chumvi nje. Ndimu nayo hulegeza. Kwa hivyo siku hizi kila kitu hukatwa na kuwekwa mbalimbali, na chumvi ya tungule naitia wageni wakinawa mikono, si kabla. Zikiwa tungule zenye maji mengi mno, nafanya kinyume kwa makusudi: nazikata, nanyunyiza chumvi, naziacha kwenye chujio robo saa zitone. Yale maji simwagi. Huingia kwenye mchuzi wa samaki.

2. Tungule ya kisiwani ni msafiri.

Nyingi tunazokula mjini hutoka bara, Mpeketoni na Hindi. Hupakiwa gari hadi Mokowe, zikavushwa kwa boti, kisha hubebwa na hamali au punda hadi sokoni, ubavuni mwa Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Iliyoiva sana ikipita safari hiyo hufika imepondeka. Nilikuwa nikichagua nyekundu kuliko zote, nikidhani ndizo tamu. Sasa naibonyeza kwa kidole gumba: iliyo ngumu kidogo na yenye harufu kwenye kikonyo ni ya kachumbari, laini ni ya mchuzi. Na siiweki kwenye friji. Chini ya nyuzi 12 hivi, tungule hupoteza harufu yake, na harufu ndiyo nusu ya utamu. Nazipanga kwenye sinia kivulini, kikonyo kikiangalia chini.

3. Kitunguu kifikichwe.

Kikate pete nyembamba, ukifikiche kwa chumvi mpaka kilainike, ukioshe kwa maji baridi, ukikamue. Ukali wa kitunguu hutokana na salfa inayotoka kinapokatwa, na maji huuondoa. Wako wanaosema kuosha kunaondoa ladha. Sikubaliani nao. Kitunguu kisichooshwa hufunika kila kitu, mpaka ile pilau yenyewe.

4. Pilipili ina adabu zake.

Niliwahi kukata pilipili mbuzi, nikanawa kwa maji, kisha nikampangusa mwanangu uso. Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Mezani, pilipili iwe kwenye kibakuli chake pamoja na ndimu, ili wazee na watoto nao wale.

5. Kachumbari ya kwetu ina jamaa mbali.

Mgeni mmoja kutoka Mexico aliionja akasema kwao kuna salsa: tungule, kitunguu, pilipili, dania na ndimu, vyote vikikatwa vidogo vidogo. Sikushangaa. Tungule na pilipili asili yake ni Amerika, hazikujulikana pwani hii kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi 1498. Jina kachumbari limetoka Bara Hindi. Alinieleza pia kwamba wako wanaochoma tungule kwanza, kisha huziponda. Nilizichoma kwenye jiko la makaa mpaka ganda likawa jeusi, nikaponda kwa kinu na mchi pamoja na kitunguu thaumu. Kwa changu wa kuchoma, sijaona kinachoishinda salsa hiyo.

6. Haipiti motoni.

Hili nalisema kwa msisitizo. Mchuzi huchemka, kachumbari haichemki, basi usafi wote uko mikononi mwako. Tungule na dania ziosheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hata kama ya kisimani yanaonekana safi. Kisu na kibao vilivyopita kwenye samaki mbichi visiguse tungule kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na ikibaki, tafadhalini msiilaze. Itieni kwenye mchuzi jioni ile ile, ichemke.