Ukanushi na Taharuki: Viambishi -ku- na -ja-

Katika riwaya ya upelelezi ya watoto, taharuki haitokani na matukio pekee. Hutokana pia na umbo la kitenzi. Linganisha:

(a) Kaka yake hakurudi.
(b) Kaka yake hajarudi.

Sentensi (a) inakanusha alirudi. Kiambishi -ku- huliweka jambo katika wakati uliopita na kulifunga. Sentensi (b) inakanusha amerudi. Kiambishi -ja- huonyesha kuwa tendo halijatimia hadi wakati wa kusema, lakini laweza kutimia; ndiyo maana twasema Hajarudi bado. Hadithi ikisimuliwa katika wakati uliopita, matumaini hayo huhifadhiwa kwa kitenzi kisaidizi: Alikuwa hajarudi.

Tofauti hii ina uzito kwa mwalimu wa Ngarama na makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yana wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na wamo watoto waliopotezana na ndugu zao. Mwanafunzi akiandika Dada yangu hajarudi, usimsahihishe kuwa hakurudi kwa sababu tu miaka imepita. Wingi wa miaka haubatilishi -ja-. Kinachoibatilisha ni kukatika kwa ngojeo, na hilo analijua msemaji.

Zoezi: Andika aya kuhusu mtoto anayemtafuta ndugu yake. Tumia -ja- mara tatu na -ku- mara moja tu. Eleza kwa nini umeiweka -ku- hapo.