Chakula na Maji ya Mtoto Mwenye Damu SS

Mama, somo hili ni lako wewe uliye na mtoto ambaye mifupa inamuuma leo, inapoa, na kisha wiki mbili inarudia tena. Labda umemzungusha fasi mingi. Wamoja walisema ni rumatisma, wengine walisema mtu wa jamaa alimtupia kitu. Kama lopitali walipima damu yake na kukuta ni SS, basi ugonjwa una jina, na hakuna mtu aliyemloga. Mtoto alipokea sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama, nao wote wawili ni wazima, hata hawakujua. Baba asimfukuze mama kwa ajili ya jambo hili.

Ndani ya damu kuko chembe nyekundu. Kwa watu wengi ziko mviringo na laini, zinapita vizuri katika mishipa midogo. Kwa mtoto wa SS, maji yakipunguka mwilini, ao baridi ikimpata, ao homa, chembe zinapinda kama mundu na kuwa ngumu. Zinaziba mishipa ginsi majani na matope yanavyoziba mufereji. Fasi ambayo damu haifike, ndipo panauma: mikono, miguu, mgongo, kifua, tumbo.

Kwa hiyo tunaanza na maji, mbele ya sombe na mbele ya nyama.

Mama mmoja wa Butembo aliniambia: «Mama munganga, mimi namunyima maji mangaribi, sababu anakojoa ku kitanda kila usiku. Analala na bandugu yake, na blanketi ni moja tu.» Nilimwelewa. Kukausha blanketi Butembo wakati wa mvua si kazi ndogo! Lakini sikia: mafigo ya mtoto wa SS hayawezi kushika maji kama mafigo ya wengine. Anakojoa mingi hata kama hakunywa. Ukimnyima maji, atakojoa tu, na damu yake itabaki nzito usiku kucha. Saa tisa ya usiku utasikia analia: mguu, mguu! Na mara ngapi tumempiga mtoto huyo kwa sababu ya kitanda? Tandika kipande cha plastiki chini yake, umwamushe mara moja usiku akojoe, na akirudi umpe tena maji kidogo.

Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu litri moja na nusu kila siku, na zaidi kama kuko jua kali ya Beni, ao ana homa, ao anahara. Usikadirie kwa macho. Jaza chupa asubuhi, iwe yake peke yake, utazame mangaribi kama imekwisha. Maji yachemshwe. Uji mwepesi na supu ya maharagi vinahesabiwa pia. Akienda masomo ao shamba, chupa inaenda naye. Umwambie mwalimu asimkataze kunywa wala kutoka nje. Kahawa na kasiksi, hapana.

Sasa chakula. Chembe nyekundu za watu wazima wa afya zinaishi karibu siku 120. Zake zinaishi siku 10 mpaka 20 tu. Mwili wake unatumika bila kupumzika kutengeneza damu mpya, na kazi hiyo inakula nguvu mingi. Ndiyo sababu anakonda, na kwa kliniki mstari wake haupandi. Sahani mbili za ugali wa muhogo kwa siku hazimtoshi. Umpe kidogo kidogo mara tano: maharagi, karanga, soya ndani ya uji, avoka, yai, samaki wadogo, mafuta ya mawese. Lengalenga ipikwe dakika chache tu, sababu moto wa muda mrefu unaua vitamini ya kutengeneza damu. Lakini sombe usipunguze moto wake: sumu ya muhogo ni lazima itoke. Vitamini hiyo ndiyo ile ya vidonge vya asidi foliki tunavyokupa. Vimeze kila siku, hata siku ambazo mtoto anacheza vizuri.

Neno moja juu ya «dawa ya damu» ya famasi, ile siro yenye chuma. Wamama wengi wanauza kuku ili kuinunua. Mtoto wa SS mara nyingi hakosi chuma: chembe zikivunjika, chuma inabaki mwilini, na kila damu anayoongezewa inaleta nyingine. Usimpe bila kupimwa. Na tomati ya kopo iliyochanganywa na soda, hiyo ni rangi nyekundu tu, si damu. Pesa hiyo nunua mayai.

Najua wengi wenu mliacha mashamba tangu mauaji ya Beni yalipoanza 2014, na mnakula kwa jamaa. Kama chakula hakitoshi, usipunguze maji yake, na useme kwa kliniki.

Chakula hakiponyeshi SS. Kuko dawa hidroksiyurea inayopunguza maumivu, uliza munganga. Mtoto alale ndani ya chandarua, na kwa baridi ya Butembo avae triko na kuoga maji ya moto kidogo.

Maumivu yakianza, umpe maji, umfunike, umpe parasetamoli kama tulivyokuonyesha. Lakini homa, kupumua kwa shida, upande mmoja wa mwili kulegea, ao kupauka kwa gafula na tumbo kuvimba upande wa kushoto: usingojee asubuhi, umlete.

Maulizo ya kuzungumza pamoja: Jana mtoto wako alikunywa makopo ngapi? Ukiwa shambani, nani anamuangalia chupa yake?