SEKUNDE NANE ZA GOLIKIPA

Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini walisema pia ngojangoja huumiza matumbo. Mimi ni golikipa wa timu ya shule, na muhula huu methali ya pili imenifunza somo ambalo napenda kuwagawia wenzangu, walimu wetu na wazazi.

Tulicheza na wageni kutoka Geita, hapa hapa uwanjani petu. Jua lilikuwa kali, tena tulikuwa mbele kwa bao moja, na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Nikaudaka mpira, nikainuka polepole kama mgonjwa, nikaudundadunda, nikawapungia mkono mabeki wasogee mbele. Refa akainua mkono juu, akahesabu kwa vidole: tano, nne, tatu, mbili, moja. Nilimwona vizuri, lakini nilidhani ananitisha tu. Filimbi ikalia. Kona! Wageni wakaipiga, mmoja wao akaruka, akafunga kwa kichwa. Tukatoka sare. Wenzangu hawakunitukana; walinyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi. Jioni nilikwenda kwa mwalimu wa michezo, naye akanipa kitabu cha sheria nikisome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Golikipa akiwa na mpira mikononi, hakuna mpinzani anayeruhusiwa kumnyang'anya. Hiyo ni heshima kubwa, ambayo mchezaji mwingine hanayo. Kwa sababu hiyo sheria humwekea kipimo, ili heshima isigeuke kuwa hila. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1990, kule Italia, watu walichoka kutazama mabeki wakimrudishia golikipa mpira, naye akiudaka na kukaa nao. Basi mwaka 1992 golikipa alikatazwa kudaka mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi. Mwaka 2000 ikawekwa sheria ya sekunde sita. Aliyezidisha, timu yake ilipigiwa mpira wa adhabu karibu na goli, ule ambao lazima uguswe na mchezaji wa pili kabla ya kuhesabiwa bao.

Lakini marefa wengi hawakuitumia sheria hiyo, kwa kuwa waliona adhabu ni nzito mno kwa kosa la sekunde chache. Tarehe 6 Agosti 2012, katika nusu fainali ya wanawake ya Michezo ya Olimpiki, refa mmoja aliitumia. Ilikuwa katika uwanja wa Old Trafford, Kanada wakiongoza Marekani kwa mabao 3 kwa 2. Golikipa wa Kanada, Erin McLeod, aliadhibiwa kwa kukaa na mpira. Mpira ule wa adhabu ukamgusa mchezaji wa Kanada mkononi, ikawa penalti, Marekani wakasawazisha, na mwisho wakashinda 4 kwa 3. Dunia nzima ilishangaa, maana watu walikuwa wamekwisha kuisahau sheria yenyewe.

Kwa hiyo, tangu Julai 2025, sheria imebadilishwa. Golikipa amepewa sekunde nane badala ya sita, na adhabu yake ni kona. Refa huonyesha sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Hesabu huanza pale refa anapoona kwamba golikipa ameumiliki mpira kwa mikono. Na kuudunda chini au kuurusha juu kidogo hakukatizi hesabu. Katika Kombe la Dunia la Vilabu la Juni 2025, lililoitumia sheria hii mapema, Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini alipewa adhabu hiyo walipocheza na Ulsan ya Korea Kusini. Hata magolikipa hodari hushikwa.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo nilipoona ujinga wangu. Tuseme wapinzani wametushambulia, nami nimeudaka mpira. Beki wao anarudi kwao kwa mwendo wa meta 5 kila sekunde. Nikikaa na mpira sekunde 8, atakuwa amerudi meta 40. Nikiutoa katika sekunde 3, atakuwa amerudi meta 15 tu, na winga wetu atakuta njia nyeupe. Nami mpira nikiubiringisha kwa mkono kwa mwendo wa meta 15 kila sekunde, na usipungue nguvu sana, utamfikia mwenzangu aliye meta 30 katika sekunde kama mbili. Kumbe nilipodhani naiba muda wa wageni, nilikuwa nawapa nafasi ya kujipanga!

Mashauri yangu kwa magolikipa wenzangu ni haya. Kwanza, tazama pembeni kabla mpira haujakufikia, ili ukiudaka uwe umekwisha kujua nani yuko peke yake. Pili, usiulalie mpira bila sababu. Inuka, piga hatua, toa. Tatu, mwenzako akiwa karibu tumia mkono, kwa maana mkono hukosea mara chache kuliko teke refu. Nne, katika mazoezi mtu mmoja ashike saa na kuhesabu kwa sauti, hata mwili wenyewe uzijue sekunde nane.

Mkoa wetu na jirani zetu tumepata kuziona timu zetu zikipanda Ligi Kuu: Stand United mwaka 2014, Mwadui mwaka 2015, na Geita Gold mwaka 2021. Pengine miongoni mwetu yumo atakayelinda goli la mojawapo. Asijifunze hila zangu.

Na kwa wale wasiocheza mpira nina neno moja. Adhabu nzito mno ilibaki kitabuni miaka mingi, na makosa yakaendelea. Adhabu ya kiasi, itolewayo kila mara, ndiyo iliyonirudi mimi. Viranja na walimu wetu walifikirie hilo. Nami wageni wetu wa Geita watakaporudi, nitautoa mpira kabla refa hajainua mkono.